Sheikh Al-Amin na Mlango wa Shule

Sisi wa Bombolulu tukienda mjini hupita Kengeleni, penye kengele ya Frere Town. Mahali hapo wamisionari waliwaweka watumwa walioachwa huru kuanzia mwaka wa 1875, wakawajengea kanisa na shule. Marehemu baba yangu kila alipoiona kengele ile alitutahadharisha. Kwake yeye shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja, na mtoto wa Kiislamu mahali pake ni chuoni. Hofu hiyo haikuwa ya baba peke yake. Waislamu wengi wa Pwani walikuwa nayo. Katika waliosimama kuiondoa, wa mbele alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye leo napenda kuwakumbusha wasomaji habari zake.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mashuhuri, lakini alifariki mwanawe angali mdogo. Mtoto akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Tena alikuwa msomaji wa jarida la Al-Manar, lililotolewa Misri na Rashid Rida, na humo aliona jinsi Waislamu wa kwingine walivyojiuliza kwa nini wamebaki nyuma.

Mwaka wa 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili hata aliyeishia chuoni apate kulisoma. Mwaka wa 1932 akatoa Al-Islah, maana yake matengenezo. Magazeti hayo hayakudumu, lakini baadhi ya makala yake yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, mwaka wa 1944.

Humo aliwaambia watu wake maneno mazito. Dini haikukataza elimu ya dunia. Anayeogopa shule ya wamisionari na ajenge yake, wala asimfiche mtoto katika ujinga. Mtoto mwanamke naye asomeshwe, kwani yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa nyumba. Lakini hakuwasamehe walioacha elimu ya Wazungu wakachukua ulevi na mavazi yao. Watoto aliwatungia Hidayatul Atfal, na Mombasa akaanzisha Madrasatul Ghazali. Mwaka wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka wa 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoishika mpaka alipofariki mwaka wa 1947.

Miaka 27 baada ya kifo chake, Januari 1974, Serikali iliondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Wanafunzi wa shule za msingi nchini wakapanda kutoka kama milioni 1.8 hadi kama milioni 2.8. Mmoja wao nilikuwa mimi. Maalim wetu wa chuoni, aliyekuwa amesoma Uwongozi, alikuja barazani kwetu jioni tatu mfululizo mpaka baba akalegea.

Akalegea kwangu tu. Dada yangu alibaki nyumbani. Punde shule zikaanza kudai fedha za majengo, na baba akapata udhuru: fedha ni za mtoto mmoja, na mmoja huyo ni mwanamume. Dada akahitimu Kurani, lakini kadi ya kliniki ilibidi asomewe na watu.

Mwaka wa 2003 Serikali iliondoa karo katika madarasa yote ya shule za msingi, na wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Dada alimshika mkono binti yake wa mwisho akampeleka mwenyewe. Madarasa yalifurika, watoto wakaketi sakafuni, lakini hakumrudisha. Jioni alikaa naye penye taa, naye akijifunza herufi.

Serikali yaweza kuondoa karo, lakini haiwezi kuja barazani kumbembeleza baba. Kazi hiyo Sheikh Al-Amin aliianza mapema, na kila nyumba iliyomchelewesha binti yake inadaiwa sehemu iliyobaki. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na wazee wetu awasamehe. Amin.