Dk. Allison, aliyepima damu zetu Musoma

Wadau, binamu yangu wa Bunda alifariki kwa selimundu, tukamzika Butiama. Msibani watu wakanong'ona eti ni ugonjwa wa kabila fulani. Iliniuma sana, ndo maana leo nawaletea Dk. Anthony Allison.

Alizaliwa Afrika Kusini 1925, akakulia Kenya, akasomea udaktari Oxford. Enzi hizo majarida ya tiba yaliandika kuwa selimundu ni ya damu ya mtu mweusi, basi. Allison akazunguka Afrika Mashariki akipima kabila kwa kabila. Kandokando ya ziwa na pwani, kwenye malaria kibao, wenye kinasaba hicho walikuwa wengi. Milimani kwenye baridi, wachache mno. Na wote ni weusi! Mwaka 1954 akachapisha jibu: ukirithi kinasaba kimoja kinakukinga na malaria kali. Musoma, kati ya watu wazima 654, walionacho kimoja walikuwa 249.

Kumbe ni mbu, siyo rangi. Alifariki 2014. Mwaka 2021 jarida la JAMA la Marekani likawataka watafiti waeleze nani kapanga makundi ya rangi na kabila, na kwa nini. Kwetu msibani nani alieleza?

Kapimeni kabla ya kuoana jamani. Nawakilisha.