Mwalimu Aliyetuondolea Hendeli

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Puge, katikati ya Nzega na Tabora, nchi ambayo zamani misafara ilipita kwa miguu na siku hizi mabasi yanapita mbio. Mzee mmoja jirani yetu ana Land Rover ya zamani, zile zenye tundu kwenye bampa la mbele. Nilidhani ni kutu imetoboa. Babu akacheka, akavuta nyuma ya kiti chuma kirefu kilichopinda mara mbili. Hiyo ndiyo hendeli. Betri ikifa, unaipitisha kwenye tundu, inashika ncha ya krenki, unazungusha kwa mkono.

Akanipa niijaribu. Kwanza akanionya nisikizungushie chuma dole gumba, likae upande mmoja na vidole vingine. Cheche ikiwahi kabla ya wakati wake, injini inarudi nyuma na hendeli inakupiga. Akanionyesha kiganja chake kilichopinda. Yeye alijifunza hivyo.

Nikabaki najiuliza: nani alituondolea kazi hii? Jibu likanishangaza mimi ninayesoma Elimu. Alianza kama mwalimu.

Charles Kettering alizaliwa 1876 shambani karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na macho mabovu, akisoma sana kichwa kinamuuma. Alipomaliza sekondari alifundisha shule za vijijini, kisha akaenda chuo. Macho yakamshinda, akaacha masomo, akaenda kufanya kazi ya kuchimbia nguzo na kuvuta nyaya za simu. Baadaye akarudi darasani. Alihitimu uhandisi wa umeme Ohio State mwaka 1904, akikaribia miaka 28. Wenzangu mlio-postpone mwaka, someni hapo mara mbili.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia fedha dukani, mjini Dayton. Muuzaji alikuwa akizungusha mkono ili droo ifunguke. Kettering akaweka mota ndogo ya umeme. Siri yake ilikuwa moja: mota hiyo haifanyi kazi siku nzima. Inapiga sekunde chache, inapumzika. Kwa hiyo unaweza kuibebesha mzigo mkubwa kuliko uwezo wake wa kawaida bila kuiunguza.

Mwaka 1909 yeye na Edward Deeds walianzisha kampuni yao, Delco, wakifanyia kazi kwenye banda nyuma ya nyumba ya Deeds. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alitaka magari yake yaache kuvunja watu mikono. Wengi waliona haiwezekani. Mota ya kuzungusha injini, walisema, itakuwa kubwa kama injini yenyewe. Kettering akakumbuka droo ya dukani. Gari nalo linahitaji kuzungushwa sekunde chache tu! Mwaka 1911 stata yake ilifanya kazi, na Cadillac za 1912 zikatoka nayo. Tena mota ileile, injini ikishawaka, iligeuka kuwa jenereta ya kuchaji betri, na taa zikawaka humohumo.

Ndiyo maana mpaka leo fundi anakukataza kushikilia ufunguo muda mrefu. Stata ni mkimbiaji wa mita mia, usiipeleke marathoni.

Baadaye akaja Vincent Bendix na kigia kinachoteleza kwenye mhimili wenye hesi, kinashika flaiwili, injini ikiwaka kinarudi chenyewe. Gereji zetu bado wanakiita bendeksi, na wengi hawajui kuwa ni jina la mtu.

Ningependa kuishia hapo nikimsifu, ila maisha yake yana upande mwingine. Kuanzia 1920 hadi 1947 aliongoza utafiti wa General Motors. Mwaka 1921 msaidizi wake, Thomas Midgley, aligundua kuwa risasi ikichanganywa kwenye petroli, injini haigongi. Kila mtu alijua risasi ni sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa waliokuwa wakiitengeneza walirukwa na akili wakafa. Biashara ikaendelea, na Kettering aliitetea. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, wengi wetu tukiwa tumeshazaliwa. Dunia nzima ilimaliza 2021.

Alikufa 1958 akiwa na hataza 186, na taasisi ya utafiti wa saratani New York yenye jina lake.

Mimi nimebaki na mambo mawili. Kwanza, hapa chuoni ukisema unasoma Elimu watu wanakuonea huruma, eti umekosa pa kwenda. Mtu aliyewasha magari ya dunia alianzia mbele ya ubao. Pili, akili ileile iliyookoa mikono ya watu ilishindwa kusimama ilipoambiwa kuna sumu. Mwanafunzi wangu akija kuniuliza kama huyu alikuwa mtu mzuri, nitamsimulia yote mawili, kisha nimwachie yeye ajibu.

Ile Land Rover iliwaka mara ya nne. Dole gumba langu liko salama.