Mwanamfalme Louis Rwagasore na Ndoto ya Ufalme wa Kikatiba Nchini Burundi

Historia ya harakati za uhuru barani Afrika imesheheni majina ya walimu, makarani, mawakili na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Ni nadra kukuta miongoni mwao mtoto wa mfalme. Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi ni mmoja wa hao wachache. Alizaliwa katika ukoo wa kifalme, akarithi heshima ambayo hakuitolea jasho, kisha akayatumia maisha yake mafupi kuwashawishi watu wa nchi yake kwamba mfalme anaweza kuendelea kuketi katika kiti chake ilhali mamlaka ya kutawala yako mikononi mwa wananchi. Makala haya yanamulika maisha yake, wazo alilolipigania na hatima ya wazo hilo baada ya kifo chake.

Kuzaliwa na Elimu

Rwagasore alizaliwa tarehe 10 Januari 1932 mjini Gitega. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyetawazwa mwaka wa 1915 akiwa mtoto mdogo, na mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Wakati huo Burundi ilikuwa imeunganishwa na Rwanda na kuwekwa chini ya Ubelgiji kwa jina la Ruanda-Urundi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia eneo hilo lilitawaliwa na Ubelgiji chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa hivyo Mwami alikuwa mfalme kwa jina na kwa heshima, lakini maamuzi makubwa yalifanywa na maafisa wa Kibelgiji.

Kijana Rwagasore alisoma katika shule za Wakatoliki kabla ya kujiunga na shule mashuhuri ya Astrida, mji wa Rwanda ambao baadaye uliitwa Butare. Shule hiyo iliyoendeshwa na watawa ndiyo iliyowaandaa vijana wa tabaka la juu kuwa makarani na machifu katika utawala wa kikoloni. Kutoka hapo alikwenda Ubelgiji na kusoma kwa muda mjini Antwerp. Aliporudi nyumbani katika miaka ya 1950, wengi walitarajia kwamba angekuwa chifu mtiifu na kuishi kwa raha. Mambo hayakuwa hivyo.

Ushirika wa Wafanyabiashara

Hatua yake ya kwanza katika maisha ya umma haikuwa ya kisiasa, bali ya kiuchumi. Mnamo mwaka wa 1957 alisaidia kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Usumbura, mji ambao leo unaitwa Bujumbura. Biashara kubwa mjini humo ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia, na mchuuzi Mwafrika hakuwa na mtaji wala mdhamini. Miongoni mwa walioupokea ushirika huo kwa mikono miwili walikuwa Waswahili wa mji huo, Waislamu waliokuwa na makao yao katika mitaa kama vile Buyenzi. Hawa hawakuwa na machifu wa kuwasemea na hawakuhesabiwa sana katika mipango ya wakoloni. Kiswahili chao ndicho kilichokuwa lugha ya soko.

Ushirika huo haukudumu. Ulielemewa na madeni, na uhusiano wake na utawala wa Kibelgiji ukaingia dosari. Hata hivyo, ulimwachia Rwagasore mambo mawili yaliyomfaa baadaye. Kwanza, ulimfahamisha kwa watu wa mjini, ambao walimwona akihangaikia riziki yao. Pili, ulimfunza kwamba hapana jambo la uchumi ambalo lingefanikiwa iwapo mamlaka ya siasa yangebaki mikononi mwa wageni.

Chama na Wazo

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Rwagasore alijitosa katika chama cha UPRONA, yaani Umoja wa Maendeleo ya Taifa, na punde si punde akawa ndiye roho ya chama hicho. UPRONA ilidai mambo mawili makuu. La kwanza lilikuwa uhuru wa haraka. La pili lilikuwa ufalme wa kikatiba. Dai hili la pili linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndilo lililomtofautisha Rwagasore na wanasiasa wengi wa wakati wake.

Katika ufalme wa kikatiba, mfalme ni kiongozi wa dola lakini si kiongozi wa serikali. Anaunganisha taifa, anatia sahihi sheria na kumteua waziri mkuu kutoka kwa walio wengi bungeni. Hatungi sera wala hachagui upande. Anayetawala ni waziri mkuu na baraza lake, nao hujibu kwa wabunge, ambao hujibu kwa wapiga kura. Kwa ufupi, mfalme hubakia na heshima, wananchi hupata nguvu, na katiba huwa mpaka kati yao.

Rwagasore alikuwa na sababu za kuamini kwamba mpango huo ungeifaa Burundi. Katika mila za nchi hiyo, Mwami na jamaa zake wa tabaka la Waganwa hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Mfalme alikuwa juu ya mgawanyiko huo, na Mhutu, Mtutsi na Mtwa waliweza kumwita mfalme wao. Katika nchi jirani ya Rwanda hali ilikuwa tofauti. Huko kiti cha enzi kilihusishwa na Watutsi, na mapinduzi yaliyoanza mwaka wa 1959 yalimwaga damu na kuwafukuza maelfu ya watu makwao. Rwagasore alitaka Burundi iepuke njia hiyo. Mwaka huohuo wa 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, msichana wa Kihutu. Ndoa hiyo ilichukuliwa na wengi kuwa ishara ya wazi ya umoja aliouhubiri.

Hata hivyo, kulikuwa na kitendawili ndani ya mpango wake. Ufalme wa kikatiba unadai kwamba kasri na chama visichanganywe. Rwagasore alikuwa mtoto wa kasri na kiongozi wa chama kwa wakati mmoja. Wakulima wengi wa milimani waliipenda UPRONA kwa kuwa waliona ndani yake kivuli cha Mwami. Wapinzani wake walilisema jambo hili kwa sauti kubwa, na haikuwa hoja ya kupuuzwa.

Vikwazo vya Wakoloni

Mpinzani mkuu wa UPRONA alikuwa chama cha PDC, kilichoongozwa na ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa chifu Pierre Baranyanka. Hawa walikuwa wa ukoo wa Batare, ilhali Rwagasore alikuwa wa ukoo wa Bezi. Uhasama wa koo hizi mbili za Waganwa ulikuwa wa tangu jadi, na siasa za vyama ziliupa mavazi mapya. PDC haikuwa na haraka ya uhuru, na kwa sababu hiyo ilipendwa zaidi na maafisa wa Kibelgiji.

Mwaka wa 1960 utawala wa Kibelgiji uliwapiga marufuku jamaa wa karibu wa Mwami kushika nyadhifa za kisiasa. Kila mtu alijua amri hiyo ilimlenga nani. Mnamo Oktoba mwaka huo Rwagasore aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani, na aliachiliwa Desemba, wakati uchaguzi wa mitaa ulikuwa umekwisha kufanyika. Katika uchaguzi huo PDC na washirika wake walishinda, na Januari 1961 serikali ya mpito ikaundwa chini ya Joseph Cimpaye pasipo UPRONA.

Rwagasore hakukata tamaa. Alikuwa na marafiki nje ya mipaka, akiwemo Julius Nyerere wa Tanganyika, ambaye chama chake cha TANU kilikuwa kielelezo cha jinsi ya kuuongoza umma bila kumwaga damu. Umoja wa Mataifa nao uliibana Ubelgiji hadi vikwazo dhidi yake vikaondolewa na uchaguzi wa bunge ukaandaliwa mbele ya waangalizi wa kimataifa.

Ushindi na Kifo

Uchaguzi huo ulifanyika tarehe 18 Septemba 1961. UPRONA ilijinyakulia viti 58 kati ya 64. Juma moja tu baadaye, tarehe 25 Septemba, wananchi wa Rwanda walipiga kura yao na kuukataa ufalme kwa wingi mkubwa. Hivyo, nchi mbili zilizofungwa katika nira moja ya kikoloni zilichagua njia mbili tofauti ndani ya siku chache.

Jambo la kusifika ni jinsi Rwagasore alivyoupokea ushindi wake. Hakuwatisha walioshindwa. Aliwaeleza wananchi kwamba ushindi huo ulikuwa wa amani na utaratibu kuliko kuwa wa chama, na akataka serikali yake ihukumiwe kwa matendo yake. Tarehe 28 Septemba akawa waziri mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, alipokuwa mezani katika Hoteli Tanganyika mjini Usumbura, kando ya ziwa, alipigwa risasi na kufa. Aliyefyatua risasi hiyo alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyuma yake walikuwako viongozi wa PDC. Kageorgis alinyongwa au kupigwa risasi halikuwa swali tena kwa waliompoteza kiongozi wao. Aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Ntidendereza, Biroli na wenzao watatu walihukumiwa upya baada ya uhuru na kunyongwa hadharani mjini Gitega Januari 1963. Maswali kuhusu walichokijua baadhi ya maafisa wa Kibelgiji yameendelea kuulizwa na wanahistoria hadi leo.

Hatima ya Wazo

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa ufalme wa kikatiba, kama Rwagasore alivyotaka. Umbo lilikuwapo, lakini mlinzi wake hakuwapo. Ndani ya UPRONA viongozi walianza kugombania urithi wake, na mgombano huo ukachukua sura ya Wahutu dhidi ya Watutsi. Januari 1965 waziri mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu aliyekuwa mwenzake Rwagasore chamani, naye aliuawa kwa risasi.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kasrini. Katika uchaguzi wa Mei 1965 wagombea Wahutu walipata wingi wa viti bungeni. Mwami Mwambutsa aliupuuza wingi huo na kumteua Léopold Biha, Mganwa na mtu wa karibu wa kasri, kuwa waziri mkuu. Kwa hatua hiyo mfalme aliuvuka mpaka ambao mwanawe alitaka uchorwe. Oktoba mwaka huo jaribio la mapinduzi lilifuatwa na mauaji, na Mwami akakimbilia Ulaya. Julai 1966 mwanawe mwingine, Charles Ndizeye, alitwaa kiti kwa jina la Ntare wa Tano. Novemba 28 mwaka huohuo Kapteni Michel Micombero aliufuta ufalme na kutangaza jamhuri. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vilio, hususan mwaka wa 1972, ambapo Ntare mwenyewe aliuawa pamoja na umati mkubwa wa Warundi.

Hitimisho

Rwagasore amezikwa katika kilima cha Vugizo, juu ya jiji la Bujumbura, na Oktoba 13 huadhimishwa kila mwaka kwa kumbukumbu yake. Warundi wa pande zote humtaja kwa heshima, na hata wale ambao hawakubaliani kwa lolote jingine hukubaliana juu ya jina lake.

Hata hivyo, kumheshimu hakutoshi. Maisha yake yanafunza kwamba katiba hailindwi na wema wa mtu mmoja. Aliwaunganisha Warundi kwa haiba yake na kwa jina la baba yake, lakini hakupewa muda wa kujenga mazoea ambayo yangemzuia hata baba yake kulipuuza bunge. Majuma mawili hayatoshi kwa kazi hiyo. Wananchi walimjua mwanamfalme na kumpenda. Mpaka wa mamlaka ya mfalme hawakuwahi kufundishwa vya kutosha, na ulipovukwa, sheria haikuwa na wa kuitetea. Waliomuua Rwagasore waliiondolea Burundi kiongozi, na pamoja naye mwalimu ambaye somo lake lilikuwa ndiyo kwanza limeanza.