Hugh Tracey na amana ya nyimbo za Kericho

Sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Kwa kipimo hicho nayatazama maisha ya Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki 1977.

Alikwenda Rhodesia ya Kusini angali kijana, kulima tumbaku. Huko shambani alijifunza nyimbo za Wakaranga aliofanya nao kazi, na mwaka 1929 akawachukua vijana 14 hadi Johannesburg wakatiwe katika santuri. Mwaka 1950 alifika Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, akanasa sauti za wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha kwa kinubi. Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana huko kwa santuri zake. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika ya Kusini, isiyotafuta faida, akitaka watoto mashuleni wafundishwe muziki wa kwao. Fedha zilimtaabisha mara kwa mara.

Namsifu kwa bidii yake. Lakini sauti zile zilisikilizwa ng'ambo, na wengi wa Kericho wakazeeka bila ya kuzisikia. Mwaka 2014 ndipo maktaba yake, pamoja na wanamuziki wa Nairobi, ilipoanza kuzirudisha kwa Wakipsigis, yeye akiwa kaburini miaka 37. Nasi tunaowafundisha vijana kasida na taarabu, tukizinasa sauti zao, nakala ya kwanza na iwe yao.