Philip Miller: Mtunza bustani aliyeipa migunga ya Mikumi jina, kisha jina likahamia Australia

Ukipita na basi barabara ya Morogoro–Iringa, ile sehemu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, abiria wote wanatafuta tembo na twiga. Miti nani anaipiga picha? Lakini ile migunga yenye miiba, ambayo twiga anaitafuna kama mchicha, ina kesi yake. Kesi hiyo inaanzia London, kwa mtunza bustani mmoja aliyefariki mwaka 1771.

Jina lake Philip Miller. Alizaliwa mwaka 1691, baba yake akiwa mkulima wa mazao ya kuuza sokoni. Elimu ya miti aliipata kwa mikono, udongoni, na alipokua akafungua kitalu chake cha maua.

Mwaka 1722 bahati ikamwangukia. Kulikuwa na bustani ya mimea ya dawa kule Chelsea, pembeni ya mto Thames, mali ya chama cha wauza dawa wa London. Hali ya fedha ilikuwa mbaya. Daktari tajiri Hans Sloane, mwenye ardhi hiyo, akawapangisha moja kwa moja kwa pauni 5 tu kwa mwaka. Sharti: kila mwaka wapeleke sampuli 50 za mimea iliyokaushwa kwa wanasayansi wa Royal Society, mpaka zifike 2,000. Sloane akampendekeza Miller awe msimamizi.

Akakaa pale karibu miaka 50.

Mbegu zilikuwa zinamfikia kutoka kila pembe ya dunia, na yeye anaziotesha. Moja ilitokea Madagaska, ikapitia Paris. Ni lile ua la pinki linaloota hovyo pembezoni mwa nyumba zetu, ambalo baadaye lilitoa dawa za kutibu saratani ya damu. Mwaka 1731 akachapisha kamusi kubwa ya wakulima wa bustani. Kitabu kilipendwa, kikatafsiriwa kwa lugha nyingine za Ulaya, na kufikia toleo la nane yeye mwenyewe akiwa hai.

Sasa hapa ndipo anaingia Carl Linnaeus.

Huyu Msweden ndiye aliyeufanya utaratibu wa kukiita kila kiumbe kwa majina mawili ya Kilatini kuwa wa dunia nzima. Mwaka 1736 alifika Chelsea, akamkuta Miller. Mwaka 1753 akatoa kitabu chake kikubwa cha mimea yote aliyoijua. Ili mambo yawe mepesi, akaunganisha makundi mengi. Miti ya baridi ya Ulaya yenye majani kama sindano aliirundika kundi moja, Pinus: misindano kama ile tunayoiona Sao Hill, pamoja na ndugu zake wanaopambwa wakati wa Krismasi kule Ulaya. Migunga nayo akaitupa kundi moja na kifauwongo, Mimosa.

Miller hakukubali.

Mtu aliyemwagilia miti hiyo kwa miaka 30 aliona tofauti. Msindano majani yake hutoka kwa mafungu, mawili au matatu au matano pamoja. Ule mwingine, Abies, kila jani linasimama peke yake tawini, na matunda yake magumu yanaelekea juu, hayaning'inii. Linnaeus tena aliyachanganya majina yenyewe: mti ambao Warumi waliuita abies akauita Pinus picea, na ule wa picea akauita Pinus abies. Ni kama uite mpingo mninga na mninga uuite mpingo, halafu uchapishe kitabu.

Mwaka 1754, mwaka mmoja tu baada ya Linnaeus, Miller akatoa toleo fupi la kamusi yake. Ndani yake Abies imesimama peke yake. Acacia, yaani migunga, nayo peke yake. Tuseme ukweli, makundi haya hakuyabuni yeye. Mfaransa Tournefort alishayatumia miaka mingi kabla. Ila wanasayansi walikuja kukubaliana kwamba majina ya mimea yahesabiwe kuanzia kitabu cha 1753. Kila kilichotangulia hakihesabiki. Basi Miller, kwa ukaidi wake wa kushikilia ya zamani, akawa wa kwanza kisheria. Ndiyo maana mpaka leo nyuma ya jina Abies huandikwa kifupi cha jina lake, Mill.

Naye hakuwa sahihi kwa kila kitu. Ndani ya Abies yake aliacha mti wa picea, ambao ulikuja kutengwa baadaye na wengine. Na majina mawili-mawili ya Linnaeus aliyakwepa mpaka toleo la nane, mwaka 1768, alipokuwa mzee wa miaka 77.

Toleo hilo nalo lina kisa chake. Geuza chupa ya losheni yako ya alovera usome maandishi madogo nyuma. Ukikuta Aloe barbadensis, hilo ni jina la Miller, la Aprili 1768. Kwa bahati mbaya, siku 10 kabla yake Mholanzi Burman alishachapisha Aloe vera. Kwa wanasayansi Miller alichelewa. Kwa watengeneza vipodozi hakuchelewa.

Uzeeni mambo yalimwendea vibaya. Aligombana na wakubwa wa chama cha wauza dawa, wakamshinikiza mpaka akaiacha bustani. Hakuchukua muda mrefu, tarehe 18 Desemba 1771 akafariki. Mimea yake iliyokaushwa ilinunuliwa na Joseph Banks, yule aliyesafiri na Kapteni Cook.

Turudi Mikumi. Kundi la Acacia lilikuja kuonekana kubwa mno, likabidi ligawanywe, na kwa kawaida jina hubaki na mti wa mfano. Mti huo ulikuwa mgunga wa Afrika. Lakini Australia walikuwa na aina karibu 1,000, Afrika hata 200 hazifiki, wakaomba jina libaki kwao. Kwenye mkutano wa Vienna mwaka 2005, karibu asilimia 55 ya kura zilipinga. Haikutosha, kwa sababu kulizuia pendekezo la kamati kulihitaji asilimia 60. Yaani wengi walikataa, na bado wakashindwa. Mwaka 2011, Melbourne, uamuzi ukathibitishwa. Ndiyo, Melbourne ya Australia.

Migunga yetu sasa imegawanywa. Mingine ni Senegalia, kutokana na Senegal. Mingine ni Vachellia, jina la Vachell, kasisi wa Kiingereza aliyekusanya mimea China. Abies ya Miller haijaguswa. Na ukiuliza jina la mti wenyewe pale Mikumi au Kilosa mjini, utajibiwa mgunga.