Jean Bosco Mwenda na gitare yake

Wanafunzi wenzetu, wengi kati yetu tunajifunza gitare juu ya kusindikiza waimbaji. Basi tumjue Jean Bosco Mwenda, mtu wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930 kule Katanga.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anakusanya nyimbo za Afrika, alimkuta anapiga gitare njiani mule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo wake Masanga ukamjulisha mbali. Mwaka 1969 alifika mpaka Marekani, kwenye tamasha la Newport.

Na alikuwa anatumia vidole viwili tu! Kidole gumba kilishika nyuzi nene, kidole cha shahada kikachezea nyuzi nyembamba. Gitare moja ikasikika kama mbili, na sauti yake juu ya zote.

Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari kule Zambia, lakini sahani zake zingali zinafundisha. Siye tunakwaruza nyuzi zote kwa nguvu mpaka maneno ya mwimbaji yanapotea. Tuanze na kidole gumba, polepole, huku tunamsikiliza anayeimba.