Michael Faraday na Maji Mekundu

Wengi wetu tumelisikia jina la Michael Faraday katika somo la umeme. Mimi napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu kazi yake nyingine, ile aliyoifanya uzeeni juu ya dhahabu, maana naona ina mafunzo makubwa kwetu wanafunzi.

Faraday alizaliwa karibu na London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya mbaya, na chakula nyumbani kilikuwa haba. Shule aliipata kidogo tu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Alipotimiza miaka 14 akawekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7 akijifunza kazi. Lakini kijana huyu hakuishia kwenye majalada. Vitabu vilivyopita mikononi mwake alivifungua akavisoma.

Mwaka 1812 alipewa tikiti za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika Royal Institution. Aliyoyasikia akayaandika, akayajalidi kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea bwana yule na kumwomba kazi. Mwezi wa Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Huko ndiko alikogundua, mwaka 1831, kwamba sumaku ikitembezwa ndani ya msokoto wa waya huzaa umeme.

Sasa nije kwenye dhahabu. Mwaka 1856, akiwa na miaka 64 na kumbukumbu yake imekwisha kudhoofika, alitaka kujua mwanga unafanywa nini na utando mwembamba sana wa dhahabu. Tando hizo alizitengeneza kwa fosforasi na maji yenye chumvi ya dhahabu. Alipoziosha, akaona maji ya kuoshea yana wekundu kidogo. Wengine tungaliyamwaga. Yeye akayaweka. Akapitisha mwali wa mwanga ndani yake, na njia ya mwali ikang'aa. Ndipo akatambua kuwa mna chembe za dhahabu, ndogo hata hadubini yake haikuweza kuzionyesha. Akitia chumvi ya kawaida, wekundu hugeuka buluu. Basi akafahamu kwamba dhahabu ni ile ile, ila rangi hufuata ukubwa wa chembe na jinsi zilivyokaa. Habari hizo alizisoma mbele ya Royal Society mwezi wa Februari 1857.

Hata hivyo, sababu yenyewe ya rangi hakuipata, kwa kuwa hesabu za juu hakufundishwa. Alikufa tarehe 25 Agosti 1867. Mjerumani Gustav Mie ndiye aliyeieleza kwa hesabu mwaka 1908.

Siku hizi wataalamu huivika chembe ya dhahabu ganda jembamba la fedha, na wekundu ukageuka rangi ya chungwa, kisha manjano, kadiri ganda linavyonenepa. Kemikali fulani ikilila ganda hilo, au ikiliongeza, rangi hubadilika tena; kwa hiyo mtu hutambua kilichomo majini kwa kutazama rangi tu. Kadhalika ule mstari mwekundu tunaouona zahanati katika kipimo cha haraka cha malaria, mara nyingi ni chembe za dhahabu za namna ile ile.

Bwana huyu alikataa mara mbili kuwa Rais wa Royal Society, akataka kubaki Faraday tu. Chupa za maji yake zimehifadhiwa Royal Institution, na wekundu ungalimo.

Wenzangu, kengele ya maabara ikilia sote hukimbilia kumwaga na kuosha. Ombi langu ni dogo: kabla ya kumwaga, tutazame.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV